Sakafu ya Jiko na Makabati ya Mbao

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia. Wengi waliomba yaandikwe ili wasiofika wayapate pia.)

Tumeombwa tuzungumze juu ya sakafu ya jiko, hasa katika nyumba ambayo fundi wa mbao amekwisha kuleta makabati, au amepewa rubuni na yuko njiani kuyaleta. Kuna aliyetuuliza pale mlangoni, ati hilo nalo ni jambo la kuitia mkutano? Ndiyo, ni jambo. Tumezunguka katika vikundi vingi na tumeona ya kwamba pesa za mzunguko siku hizi hazinunui sufuria na vikombe tu. Mama akipata zamu yake anataka kabati la vyombo, lenye milango na mahali pa kuwekea unga. Ni haki yake. Lakini kabati linasimama juu ya kitu, na kitu hicho mara nyingi hakizungumzwi mpaka siku kabati linapoanza kuoza miguu.

Basi neno la kwanza ni hili: sakafu kwanza, kabati baadaye. Tunajua kabati linapendeza zaidi machoni. Mgeni akiingia anaona kabati, hasifu sakafu. Lakini kabati unaweza kulihamisha, kulipaka upya, hata kuliuza. Sakafu ukiimwaga vibaya imekwisha, utaivunja kwa nyundo na kulipa mara mbili. Tena ukileta kabati kabla ya sakafu, fundi wa simiti ataizunguka miguu yake, na chini ya kabati patabaki udongo. Hapo ndipo mchwa watakapopandia, polepole, usiku, na wewe huna habari mpaka ubao wa chini uvunjike kama biskuti.

Sasa tuseme juu ya unyevu, maana hapa ndipo pesa nyingi za vikundi zinapopotelea. Ardhi ina maji hata wakati wa kiangazi. Maji hayo hupanda ndani ya simiti kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Hutayaona juu, lakini mbao inayaona. Mbao nzima kama saipresi au grevilea itavimba kidogo, na mlango utaanza kukataa kufunga. Chipbodi ni mbaya zaidi. Ikilowa inafura kama mkate kwenye chai, na hata ikikauka hairudi tena. Kama fundi wako ametumia chipbodi kwa sababu ni rahisi, hatumlaumu, lakini basi sakafu yako haina budi kuwa kavu kabisa.

Ukavu unaanzia chini. Chimba utoe udongo wa juu wenye mizizi. Jaza mawe, yashindiliwe vizuri, kisha maramu juu yake ili ncha za mawe zisitokeze. Juu ya maramu tandika karatasi ya nailoni nyeusi, ile nzito ya geji 1000, nayo ipande kidogo ukutani. Watu wengi huiruka nailoni hii ili waokoe pesa, na tunawaomba msiiruke. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hiyo, na ukishamwaga zege huwezi tena kurudi kuiweka.

Halafu zege lenyewe: simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne, unene wa inchi 4. Kwa jiko la mita 3 kwa mita 3, zege hilo litakula karibu mifuko 6 ya simiti ya kilo 50. Juu yake utapiga plasta ya sakafu, simiti moja kwa mchanga nne, unene wa sentimita 3 hivi, nayo itataka karibu mifuko 2. Kwa hiyo fundi akikuambia jiko la ukubwa huo linataka mifuko 14, muulize zile nyingine zinakwenda wapi. Na akikuambia 4 zinatosha, mwogope zaidi.

Walio kwenye udongo mweusi wa pamba, kama kule Mwea, Athi au nyanda za Kano, wasikilize kwa makini. Udongo ule hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Ukiweka sakafu juu yake, sakafu itapasuka hata uweke simiti ya dunia nzima. Ni lazima uondolewe mpaka ufikie ardhi ngumu, kisha pajazwe maramu. Ni kazi ya jasho, na hapa ndipo kikundi kinapofaa kuliko pesa: watu kumi na majembe kwa siku mbili.

Sakafu ikisha mwagwa, iloweshwe maji kwa siku 7. Funika magunia na uyamwagie asubuhi na jioni. Wengine humwaga leo na kesho wamewasha jiko juu yake. Simiti haikauki tu kama nguo kwenye kamba, inajifunga na maji, na ikinyimwa maji inabaki vumbi. Baada ya hapo iache ipumue karibu mwezi mmoja kabla ya kuweka kabati. Mwezi ni mrefu, tunajua, na fundi wa mbao anataka kumaliza apate pesa zake. Kuna njia ya kupima. Jioni bandika kipande cha nailoni sakafuni, kingo zote zishikwe kwa utepe wa gundi. Asubuhi kibandue. Ukikuta matone chini yake, au simiti imekuwa nyeusi mahali hapo, kabati lingoje.

Na kabati lisikae sakafuni moja kwa moja. Fundi wa simiti ajenge kitako kidogo cha inchi 4 kwenda juu, kiingie ndani kidogo kuliko uso wa kabati ili vidole vya miguu vipate nafasi mtu anapokata mboga. Kati ya kitako na mbao weka kipande cha nailoni ileile iliyobaki. Ukipiga deki, maji yatagonga simiti, hayatagonga mbao. Wengine hupaka miguu ya kabati oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Kwa nguzo za ua sawa, lakini ndani ya jiko penye unga na maziwa hapana, harufu yake haitoki na si kitu cha kukaa karibu na chakula.

Tuache mbao kidogo tuwakumbuke wanaoketi chini. Katika nyumba zetu mtoto anayetambaa anaishi sakafuni, na jikoni ndipo mama alipo, kwa hiyo ndipo mtoto alipo. Mnawajua funza. Jike la funza huingia katika ngozi ya mguu, hutaga mayai, mayai yanaanguka chini, na yakikuta vumbi kavu yanakua huko. Yakikuta simiti iliyofagiwa hayana pa kukulia. Huko Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwapa watu wa nyumba za udongo simiti ya sakafu, na familia zenyewe zikatayarisha vyumba. Mpango huo uliitwa Piso Firme, maana yake sakafu imara. Wataalamu walipopima, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2009, walikuta kwamba pale udongo wote ulipofunikwa, minyoo na vijidudu vya tumbo kwa watoto vilipungua kwa asilimia 78, na kuhara kulipungua karibu nusu. Hakukuwa na taili za kung'aa wala kabati la vioo. Ilikuwa simiti tu.

Tunasema hivi kwa sababu katika vikundi kadhaa tumesikia mabishano. Mama mmoja anataka taili nyeupe kama alizoziona mjini, na anataka kikundi kimkopeshe. Mwenzake nyumba yake yote bado ni udongo, na siku ya mkutano wa nyumbani kwake anasingizia ugonjwa, kwa sababu anaona haya. Sisi si waamuzi wa pesa zenu. Lakini mkituuliza, na mmetuuliza, tutasema kikundi kisimkopeshe mtu taili kabla kila mwanachama hajapata simiti ya kawaida jikoni. Anayetaka taili atie pesa zake za mahindi. Kuna mama aliyenuna tuliposema hivi kule tulikotoka, na hatukubadilisha maneno.

Haya, sasa rangi, ambayo ndiyo wengi mmeijia.

Kanuni ya kwanza ni kwamba sakafu na kabati si lazima vifanane. Watu hufikiri kupatana ni kufanana. Chukua grevilea, ambayo wengi wenu mnayo shambani kati ya kahawa. Mbao yake ni ya kahawia inayoelekea wekundu, na ina madoadoa mazuri. Ukiipaka vanishi inazidi kuwa nyekundu. Sasa weka chini yake sakafu ya simiti nyekundu iliyopakwa polishi: jiko zima linakuwa rangi moja kama ukingo wa barabara ya Murang'a, na kabati ulilolilipia halionekani. Weka sakafu ya kijivu, ile rangi ya simiti yenyewe iliyosuguliwa vizuri, na ghafla grevilea inasimama. Ndivyo ilivyo kwa mkangazi na kwa mkaratusi pia, maana nazo zina wekundu.

Saipresi na paini ni habari nyingine. Zenyewe ni za manjano hafifu, na vanishi inazifanya rangi ya asali. Hizi zinapendana na sakafu nyekundu. Wekundu uko chini, asali iko juu, ukuta umepakwa chokaa nyeupe, basi, umemaliza. Mvule kwa walio nayo huanza na manjano na kuishia kahawia nzito, kwa hiyo itake sakafu ya rangi nyepesi, kwa sababu jiko la kuni lina masizi na dirisha mara nyingi ni dogo. Mbao nzito juu na sakafu nzito chini, mama atakuwa anatafuta kijiko kwa kupapasa.

Kumbukeni pia ya kwamba mbao inabadilika na sakafu haibadiliki. Moshi, jua na vanishi vitaikoza mbao rangi kadiri miaka inavyopita. Usichague sakafu kwa rangi ya kabati siku lilipotoka kwa fundi. Nenda kwa jirani mwenye kabati la mbao hiyohiyo lililokaa miaka mitatu, uangalie. Hilo ndilo kabati utakaloishi nalo.

Mtatuuliza mtajuaje kabla ya kununua. Mwombe fundi kipande cha mbao kilichobaki, kipake vanishi mara mbili kama kabati litakavyopakwa. Kama unataka taili, beba kipande hicho mpaka dukani. Usikilinganishe chini ya ile taa nyeupe ya dukani, toka nje na taili moja mkononi uiangalie juani. Kisha omba kuondoka na taili moja hiyo, hata kwa kuilipia, uiangalie nyumbani jioni kwa taa unayotumia, iwe ya sola au ya kibatari. Rangi iliyokuwa maziwa mchana inaweza kuwa manjano ya ugonjwa usiku.

Kama ni simiti ya rangi, changanya kidogo kidogo katika vifuniko vya mikebe ya mafuta ya kupikia: kimoja bila rangi, kimoja rangi kidogo, kimoja zaidi. Viache wiki nzima vikauke, kwa sababu simiti mbichi daima ni nyeusi kuliko kavu. Ndipo uweke mbao kando. Kwa mfuko wa kilo 50, kilo 2 na nusu za rangi zinatosha kwa kawaida. Usipitishe kilo 5, maana rangi nyingi huidhoofisha simiti. Simiti na rangi vichanganywe vikavu kwanza, na vichanganywe vya kutosha sakafu nzima kwa mara moja. Ukichanganya mara mbili utapata jiko lenye rangi mbili. Na polishi ile nyekundu ipakwe kidogo. Ikizidi, mtoto anatoka jikoni na magoti mekundu, na bibi anateleza.

Kuteleza tusikupuuze. Taili zinazong'aa zikipata maji na tone la mafuta zinakuwa kama tope la Julai. Dukani mwaga maji kidogo juu ya taili, vua kiatu, sugua kwa wayo. Kama mguu unakimbia, iweke ukutani nyuma ya jiko, si chini. Kwa sakafu tafuta ile yenye uso mkavu, unaokwaruza kidogo. Rangi ya madoadoa inafaa kuliko nyeupe tupu, maana nyeupe inaonyesha kila wayo wa udongo mwekundu, na nyeusi inaonyesha kila punje ya unga na kila jivu. Siku hizi taili zinatengenezwa hapahapa Kenya, Kajiado na Athi River, kwa hiyo huna haja ya kubabaishwa na muuzaji anayesema zake zimetoka ng'ambo. Angalia namba ya rangi kwenye boksi, zote zilingane, na nunua boksi moja zaidi ulifiche darini. Ikivunjika moja baada ya miaka mitano, rangi ileile haitakuwako dukani.

Fundi akimaliza kupanga, chukua shilingi ishirini ugonge kila taili. Inayolia kama debe tupu haina simiti chini yake, na siku mchi utakapoanguka hapo itavunjika. Mwambie airudie kabla hujamlipa salio. Kwa jambo hilo hata taili nzuri haipendi kinu. Mahindi yatwangwe nje.

Kapeti ya plastiki, ile ya kukata kwa mita yenye picha ya mbao au ya taili, tunaijua, inapendeza na ni rahisi. Chumbani au sebuleni hatuna neno. Jikoni penye makaa hapana. Kaa moja likianguka linaacha tundu, na moshi wa plastiki ikiungua si wa kuvuta. Tena chini yake maji hukaa, na kabati lililo juu yake linaoza haraka kuliko lililo juu ya udongo. Mawe bapa ya Mazeras wanayoyatumia Pwani ni mazuri sana na yanaipenda mbao nzito, lakini uso wake una mabonde, kabati litayumba. Yawekeni verandani.

Na wasioweza simiti mwaka huu? Sakafu ya udongo si aibu. Mama zetu waliikanda kwa samadi na jivu, ikakaa ngumu. Ila inataka mkono kila wiki, na mkono huo ni wa mama au wa msichana anayetakiwa shuleni. Rwanda wako watu wanaoshindilia udongo na maramu kwa tabaka, kisha wanaupaka mafuta ya mbegu za kitani mpaka unakuwa mgumu na unafutika kwa kitambaa. Kwa nyumba ya namna hii kabati liwekwe juu ya matofali ya kuchoma, yapangwe na kupigwa simiti upande wa juu, na mama achungulie chini kila mwezi kama mchwa wameanza kujenga vijia. Kijia kikipanda kwenye tofali kitaonekana, kivunjwe siku hiyohiyo.

Kuna aliyeuliza: mimi kabati langu limekwisha kupigiliwa ukutani na sakafu ni mbovu, nifanyeje? Liondoe. Fundi aliyelipigilia ataling'oa kwa nusu siku. Kagua ubao wa chini. Kama umeoza, ukatwe na kubadilishwa wakati kabati liko nje, na mbao ya kubadilishia ipakwe vanishi pande zote sita, hata ule upande usioonekana. Pima pia urefu wa mlango wa jiko, kwa sababu sakafu mpya itapanda inchi kadhaa, na tumeona mlango uliokataa kufunguka siku ya kwanza. Sakafu ipewe mteremko kuelekea mlango wa nje, sentimita moja kwa kila mita, fundi aonyeshe kwa pimamaji, si kwa jicho. Ukimwaga kikombe cha maji pembeni mwa kabati, yatoke yenyewe.

Tutarudi kwenu baada ya mavuno. Anayetaka tumsaidie kuchagua rangi aje na kipande chake cha mbao kimepakwa vanishi tayari, na vifuniko vyake vya simiti vimekauka.